Shairi Bila Jibu Lake: Kutafuta na Kuvinjari katika Maktaba za Dijitali

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuuanza uhakiki pale matini inapoanzia: ubeti wa kwanza, sura ya kwanza, au walau dibaji. Siku hizi, hata hivyo, wengi wetu tunaifikia matini kupitia mlango ambao hatuuhakiki, nao ni kile kisanduku cha kutafutia katika ukurasa wa maktaba ya dijitali. Tunaandika neno, tunabonyeza, na orodha inatujia. Kilichokuja tunakiita matokeo. Ambacho hakikuja hatukiiti chochote, kwa kuwa hatujui kama kipo. Makala haya yanadai kwamba orodha ile ni tendo la uhakiki. Kabla yetu kuna mtu, au programu iliyotungwa na mtu, aliyekwisha kuamua kazi inaitwaje, inahusu nini, ni ya lugha gani na inahusiana na kazi ipi nyingine. Kwa fasihi ya Kiswahili uamuzi huo umefanywa mara nyingi na wasioisoma, na hasara yake inapita usumbufu wa kutafuta kwa muda mrefu.

Nililazimika kulitafakari jambo hili na mwanafunzi mmoja wa Fort Worth, Texas. Wazazi wake walitoka Lubumbashi, na nyumbani kwao Kiswahili kinachozungumzwa ni kile cha Katanga, si kile cha vitabu vya sarufi. Babu yake alikuwa mtumishi katika nyumba za Wabelgiji. Mwanafunzi alitaka kuandika insha juu ya kazi hiyo kwa kutegemea maneno ya watumishi wenyewe, si kumbukumbu za waajiri. Akaandika “watumishi wa nyumbani” katika katalogi moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili sanifu alichojifunza darasani, na hakupata kitu. Alipokuja kuniona alikuwa amekwisha kufikia hitimisho: “Mwalimu, labda hawakuandika.”

Walikuwa wameandika. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wenzake waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani, alitayarisha historia ya mji wao na kuipa jina la *Vocabulaire de la ville de Elisabethville*. Ilichapwa kwa taipureta, ikanakiliwa na kugawiwa. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na ufafanuzi, na baadaye matini hiyo ikawekwa mtandaoni katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida wa Kongo. Kwa hiyo ipo, na inasomeka bila malipo. Lakini tazama vizuizi vilivyokuwa baina yake na mjukuu wa mtumishi. Jina lake ni la Kifaransa. Neno “vocabulaire” humfanya mtu adhani ni kamusi. Mji umetajwa kwa jina lililoachwa mwaka 1966. Kitabu kilichoitoa kina jina la Kiingereza. Na Kiswahili cha ndani si sanifu: katika mazungumzo ya Lubumbashi, aliyefanya kazi hiyo aliitwa boyi, na mwanafunzi wangu alilijua neno hilo tangu utotoni. Hakuliandika katika kisanduku kwa sababu alidhani si neno la maktabani.

Zaidi ya hayo, matini yenyewe iliandikwa bila kufuata kanuni za tahajia, na mipaka ya maneno haikuwa thabiti: maneno mawili yameunganishwa hapa, neno moja limekatwa pale. Ili kuisoma, Fabian alimtegemea Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, aliyeisoma kwa sauti hadi maneno yakasikika. Hili ni funzo kubwa kwa yeyote anayezungumzia uboreshaji wa utafutaji. Mashine ya kutafuta hutegemea nafasi tupu kabla na baada ya neno. Pale nafasi hiyo isipokuwa mahali pake, kinachohitajika kwanza ni sikio.

Ili kuona maktaba ya dijitali inaweza kufanya nini, hatuna haja ya kwenda mbali na Fort Worth. Katika mji wa Denton, kaskazini kidogo ya Dallas na Fort Worth, maktaba za Chuo Kikuu cha North Texas zinaendesha The Portal to Texas History, iliyofunguliwa mwaka 2004. Humo yamekusanywa magazeti, picha, barua, ramani na hati kutoka kwa mamia ya washirika: makumbusho, maktaba za miji, vyuo na jamii za historia za wilaya. Mambo matatu katika ujenzi wake yanastahili kusomwa kwa makini kama tunavyosoma muundo wa kazi ya fasihi.

La kwanza ni kwamba kutafuta na kuvinjari vimepewa hadhi sawa. Anayejua anachokitaka huandika neno, naye huchagua kama litafutwe katika jina la kazi, katika mada, katika jina la mwandishi au ndani ya maandishi yenyewe. Asiyejua huanza na wilaya, mwongo wa miaka, aina ya kitu au mkusanyo, kisha hupunguza polepole. Gazeti huweza kupitiwa kwa kalenda, toleo baada ya toleo. Tofauti hii ni ya msingi. Kutafuta humpa mtu kile ambacho tayari ana jina lake, ilhali kuvinjari humpa kile ambacho hakujua kwamba kina jina. Lugha yetu imelitunza jambo hili vizuri, kwani kabla halijahamia kwenye intaneti, neno “kuvinjari” lilimhusu mtu au chombo kinachozunguka kikiangalia, kama afanyavyo mlinzi wa pwani. Anayevinjari hana anwani mkononi, lakini macho yake yako wazi.

La pili ni uaminifu kuhusu tarehe. Wataalamu wa Denton wamekuwa wakitumia utaratibu wa kuandika tarehe unaoruhusu kusema “takriban”, “labda”, au “mwaka fulani usiojulikana ndani ya mwongo huu”, utaratibu ambao uliingizwa katika viwango vya kimataifa mwaka 2019. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Lakini fikiria tarehe za fasihi yetu kongwe. *Utendi wa Tambuka* una tarehe ya Hijria inayolingana na mwaka 1728, na utenzi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kwa upande wake, huwekwa na wataalamu mwanzoni mwa karne ya 19 bila mwaka kamili. Katalogi inayodai mwaka mmoja kwa kila kazi humlazimisha mkatalogi kusema uwongo au kuacha pengo, na kazi yenye pengo hutoweka mara tu msomaji anapochuja kwa karne. Maktaba inayojua kusema “takriban” inaiweka kazi hiyo mbele ya msomaji.

La tatu ni kwamba kila kitu kimeelezwa na mtu. Maelezo hayo, yanayoitwa metadata, ndiyo yanayoifanya picha ya shamba la pamba ipatikane ingawa picha haina hata neno moja ndani yake. Yana maana hata kwa magazeti yanayosomwa na mashine. Gazeti la *Neu-Braunfelser Zeitung*, lililoanzishwa mwaka 1852 na Wajerumani wa Texas, lilichapwa kwa herufi za Kigothi ambazo namna moja ya “s” yake hukaribia kufanana na “f”. Programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa herufi hukosea hapo mara nyingi, na neno lililokosewa haliwezi kutafutwa. Kinachomwokoa msomaji ni kwamba gazeti lina jina, mji, lugha na tarehe vilivyoandikwa na binadamu, hivyo anaweza kulivinjari na kulisoma kwa macho yake.

Sasa tuirejee lugha yetu. Utafutaji wa kawaida mtandaoni uliundwa na kuzoezwa kwa lugha ambazo shina la neno hukaa mwanzoni. Mwenye kutafuta kwa Kiingereza anaweza kukata mwisho wa neno na bado akapata wingi wake na njeo zake. Katika Kiswahili mabadiliko makubwa hutokea mwanzoni: kitabu na vitabu, mshairi na washairi, alitafuta na hawajatafuta. Mwanafunzi wangu aliyeandika “watumishi” asingepata makala yenye “mtumishi” katika jina lake, wala yenye “utumishi”, ingawa kwa msemaji wa Kiswahili hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Hata kuvinjari kwa alfabeti kunatutenganisha: mtumishi yuko M, watumishi wako W, utumishi uko U. Waandishi wa kamusi walilikabili tatizo hili zamani. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 huorodhesha vitenzi kwa mashina, na mtumiaji amezoea kukivua kitenzi viambishi vyake kabla ya kukitafuta.

Asije mtu akadhani dawa ni kuifundisha mashine ikate viambishi bila kuangalia. “Maji” si wingi wa kitu kinachoitwa “ji”, na ukikata silabi ya kwanza ya “mali” na ya “wali”, tajiri na mpishi watakutana kwenye orodha moja. Kazi hii inahitaji uchanganuzi wa mofolojia, na uchanganuzi huo upo katika vitabu vya isimu vya Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Kinachokosekana ni kuufikisha kwa wanaojenga maktaba.

Juu ya hilo kuna tatizo la tahajia na hati. Utendi au utenzi? Mwana Kupona au Mwanakupona? *Utendi wa Tambuka* au *Chuo cha Herekali*, jina jingine la kazi hiyo hiyo? Kila jibu lina lahaja na historia nyuma yake. Katika hati za Kiarabu zilizotumiwa na washairi wa Lamu, Pate na Mombasa, herufi moja ya “b” iliweza kusimamia b, p au mb, na msomaji aliamua kwa kuujua utungo. Kwa hiyo kila unukuzi kwa herufi za Kirumi ni tafsiri ya msomaji fulani. Maktaba inayochagua tahajia moja na kuzifuta nyingine imefanya uamuzi wa kihakiki bila kuutetea. Iliyo bora huandika zote, hutaja ni nani aliyenukuu, na huziunganisha ili anayeingia kwa “utendi” na anayeingia kwa “utenzi” wakutane ndani.

Lugha yenyewe pia huandikwa kwa msimbo. Msimbo wa jumla, *swa*, hukusanya Kiswahili chote, huku mpangilio mpana zaidi ukitenga *swh* kwa Kiswahili cha pwani na sanifu na *swc* kwa Kiswahili cha Kongo. Maktaba ikitumia ule wa jumla pekee, Yav na Shaaban Robert wanawekwa pamoja, na msomaji wa Kongo hawezi kuchuja ili apate maandishi ya kwao. Ikiwatenganisha kabisa, anayetafuta fasihi ya Kiswahili hatamwona Yav kamwe. Mimi napendelea kazi iwe na misimbo yote miwili. Ni kweli kwamba Yav ni wa Kiswahili na ni kweli kwamba ni wa Kongo, na katalogi haina sababu ya kumlazimisha achague.

Hadi hapa nimezungumzia maumbo ya maneno. Suala zito zaidi ni majina ya mada, na hapa historia ya Texas inatupa funzo. Miongoni mwa magazeti yanayosomeka kupitia mkusanyo wa Denton ni *The Dallas Express*, gazeti la Wamarekani Weusi. Anayetafuta ndani ya matoleo yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa istilahi ya leo, “African American”, hawezi kutegemea kupata mengi, kwa sababu waandishi wake walijiita kwa majina ya wakati wao. Anayetafuta kwa istilahi ile ya zamani atapata mengi, lakini atatapata pamoja na maandishi ya magazeti ya Weupe yaliyoitumia kwa dharau. Kisanduku cha kutafutia hakijui nani anasema. Maelezo ya mkatalogi, yanayotaja kwamba gazeti hili lilimilikiwa na kuandikwa na watu Weusi wa Dallas, ndiyo yanayorudisha sauti kwa mwenyewe.

Huko Houston jina ni jambo la uhai na kifo. Usiku wa tarehe 23 Agosti 1917, baada ya mateso ya polisi na unyanyasaji wa ubaguzi, askari Weusi wa kikosi cha tatu cha rejimenti ya 24, waliokuwa wakilinda ujenzi wa Camp Logan, waliingia mjini wakiwa na silaha, na watu wakauawa. Askari 19 walinyongwa hatimaye, 13 kati yao alfajiri moja ya Desemba mwaka huo, kabla ya kupewa nafasi ya kukata rufaa. Mnamo Novemba 2023 jeshi la Marekani lilizitengua hukumu za askari 110. Je, tukio hili liitwe uasi wa askari, ghasia, au upinzani? Kila jina linampeleka msomaji kwenye rafu tofauti. Hukumu zimekwisha kutenguliwa, lakini neno “uasi” linaendelea kukaa katika maelfu ya maelezo yaliyoandikwa kabla ya hapo, na anayetafuta kwa neno jingine hayafikii.

Msomaji wa Kiswahili halioni hili kuwa jambo la kigeni. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliitwa uasi na Wajerumani, na jina hilo likafuata kumbukumbu zao. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957, unajulikana kama *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji*. Kati ya “uasi” na “vita” kuna hoja nzima kuhusu nani alikuwa na haki ya kutawala. Katalogi inayoorodhesha utenzi huo chini ya jina la mkoloni peke yake imeijibu hoja hiyo kabla msomaji hajafungua ukurasa. Sipendekezi kwamba jina la zamani lifutwe, kwa maana mtafiti anahitaji kujua kwamba lilitumika. Napendekeza lisiwe mlango pekee, na pale linapotajwa, litajwe pamoja na aliyelitoa.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloitenga fasihi ya Kiswahili na mkusanyo wa Denton au wowote uliojengwa kwa mfano wake. Ushairi wetu ni wa majibizano. Mshairi hutoa fumbo na mwingine hufumbua. Mmoja hudai na mwingine hukanusha kwa bahari ile ile, pengine kwa vina vile vile. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mara nyingi yalielekezwa kwa mtu au kwa tukio. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa Vita vya Kuduhu, ambavyo vitabu vingi vya historia huviita Vita vya Shela, washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana mashairi kama silaha za kwanza, Muyaka upande mmoja na Zahidi Mngumi upande wa pili. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi hayo mwaka 1995 katika *Mashairi ya Vita vya Kuduhu*. Uamuzi wao wa kuyapanga kama majibizano ulikuwa uhakiki wa hali ya juu, kwa kuwa ulilirudisha kila shairi mbele ya aliyeambiwa. *Diwani ya Muyaka* iliyotolewa na William Hichens mwaka 1940 imejengwa juu ya mshairi mmoja, kama diwani nyingi zilivyo. Mpango huo una faida zake, ila humwacha msomaji akisikia upande mmoja wa mazungumzo.

Maktaba ya dijitali, kwa kawaida, hurithi mpango wa diwani na kuuzidisha. Hutoa ukurasa mmoja ulio na neno ulilolitafuta, likiwa limetiwa rangi. Shairi linakuja bila aliyelichokoza na bila aliyelijibu. Fikiria magazeti kama *Mambo Leo*, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Katika magazeti ya namna hiyo shairi la mwezi mmoja lilijibiwa mwezi uliofuata, na jibu likajibiwa tena. Msomaji wa wakati ule aliyashika majibizano kwa kusubiri toleo. Msomaji wa leo anayefika kwa kutafuta neno huangukia katikati. Akisoma shairi kali peke yake, atadhani mtunzi ni mkali. Angesoma lile lililotangulia, angeona kwamba alikuwa anajitetea. Hapo ndipo kosa la utafutaji linapogeuka kuwa kosa la ufafanuzi, na tasnifu huandikwa juu yake.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa ni uboreshaji gani mmoja wa kuanza nao, ningesema kiungo kiitwacho “jibu la” na mwenzake “limejibiwa na”. Katika metadata zinazotumika sasa kuna nafasi ya kueleza uhusiano baina ya kazi: tafsiri ya, sehemu ya, toleo jingine la. Nafasi hiyo inaweza kubeba majibizano pia. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika. Anahitajika mtu aliyesoma mashairi yote mawili na kutambua kwamba moja linaongea na jingine.

Watu wa namna hiyo wamekuwepo. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimsaidia W. E. Taylor kuyakusanya mashairi ya Muyaka na kuyaeleza, nani aliambiwa na kwa sababu gani. Maelezo yale, kwa lugha ya leo, ni metadata, na bila hayo sehemu kubwa ya Muyaka ingekuwa mafumbo yasiyofumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini London, Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, alishirikiana na Annmarie Drury kuzieleza hati za Kiswahili zilizohifadhiwa SOAS, zikiwemo za Taylor na Hichens. Hati zilizokuwa zimelala kwenye masanduku zilipata jina na mada kutoka kwa mtu aliyeweza kuusikia utungo anapousoma. Hata hivyo, katika vyuo vyetu kazi kama hiyo haihesabiwi mtu anapoomba kupandishwa cheo. Makala yenye nadharia huhesabiwa, lakini maelezo sahihi ya hati 50 huitwa kazi ya ukarani.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Akili unde, watasema, inajifunza kutafuta kwa maana badala ya herufi; itajua yenyewe kwamba mtumishi na boyi ni kitu kimoja. Sehemu ya hoja hii naikubali. Mashine za sasa zinaunganisha umoja na wingi vizuri kuliko za zamani, na msomaji wa kawaida atanufaika. Lakini mashine hujifunza kutokana na kilichokwisha kuandikwa, na Kiswahili cha Lubumbashi, Kibajuni au Chimwiini kimeandikwa kidogo. Itavuta kila kitu kuelekea Kiswahili sanifu, na Kiswahili sanifu kuelekea Kiingereza. Tena haitakuwa na njia ya kujua kwamba shairi lisilotaja jina la mtu lilimlenga mtu fulani wa Lamu, kama hakuna aliyeliandika jambo hilo mahali. Kwa hiyo mashine inauongeza umuhimu wa maelezo mazuri, kwa kuwa itaeneza makosa ya mkatalogi kwa kasi ambayo hatujapata kuiona.

Nawakumbusha wenzangu wa ughaibuni jambo moja. Tuliozoea kulalamika kwamba hazina zetu ziko London, Hamburg au Brussels tuna haki ya kulalamika. Lakini kitu kikishawekwa mtandaoni, umbali unabadilika sura. Kijana wa Houston na kijana wa Lamu wana umbali ule ule na hati: wote wawili wanasimama mbele ya kisanduku, na anayebaki nje ni yule ambaye maneno yake hayakutiwa ndani. Wazee wa Kongo wanaoishi Fort Worth na Houston leo wanayajua majina ya mitaa, ya kazi na ya nyimbo ambayo hakuna katalogi iliyoyaandika. Maktaba yoyote inayotaka kuboresha utafutaji wake wa Kiswahili ingefanya vyema kuanza kwa kuwaketisha wazee hao mbele ya hati na kusikiliza, kama Fabian alivyomsikiliza Kalundi Mango.

Mwanafunzi wangu aliisoma *Vocabulaire* yote, sehemu nyingine kwa sauti, akiwa na baba yake kwenye simu. Nilimpa zoezi la ziada: aandike maelezo yake ya katalogi, kwa Kiswahili, yasiyozidi mistari mitano. Alitaja Élisabethville na Lubumbashi, akaweka misimbo yote miwili ya lugha, akaandika jina la Yav na la aliyeisoma kwa sauti. Katika mada aliandika “boyi” kwanza, kisha “watumishi wa nyumbani”, akaviunganisha kwa “tazama pia”. Maelezo hayo hayamo katika maktaba yoyote kwa sasa. Yamo kwenye daftari lake, nami nimeyanakili kwenye langu.